Permi, kuku wa Gainesville na manseba wa Katuba

Kazi yangu ni kufundisha watu kuendesha gari, hapa Lubumbashi, katika otoekole moja upande wa barabara ya Kipushi. Kwa hiyo mtu akisema kwamba anayeendesha bila permi aadhibiwe, mimi ni wa kwanza kuitikia. (Permi ndiyo leseni, kwa ninyi mnaonisoma kutoka Tanzania na Kenya.) Gari linaua. Nimeona vijana walioshika usukani kwa mara ya kwanza Jumatatu, na kufika Ijumaa wamekwisha pakia abiria kwenye Hiace ya mtu.

Lakini wiki hizi ukoo wetu umekuwa ukibishana juu ya kijana mmoja aliyekamatwa Georgia, kule Marekani, na mimi nimesimama upande ambao shemeji yangu hakuutegemea. "Wewe, moniteri mzima, mwalimu wa udereva, unatetea mtu asiye na permi?" Kwenye kundi la familia sauti ya dakika tatu haitoshi kumjibu, na nikiandika kwa urefu watoto wanalalamika kwamba nimejaza simu. Basi naandika hapa.

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anaishi Clarkston, mji mdogo pembeni mwa Atlanta ambao kwa miongo kadhaa umepokea wakimbizi wa kila taifa. Alifika huko akitokea kambi ya Meheba, Zambia. Kama wenzake wengi alipata kazi kwenye kiwanda cha kuku Gainesville, mji ambao unaishi kwa kuku, yapata kilomita 80 kutoka anapolala. Zamu inaanza kabla jua halijatoka. Basi la jiji halimfikishi huko. "Yaya," aliniambia wiki za kwanza (ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa), "huku kama hauna motokari, hauna kazi." Wanachofanya ni kuchangia mafuta na kupanda gari la mmoja wao.

Gari alilokuwa akipanda yeye lilikuwa la kijana kutoka Guatemala, mtaratibu, ambaye kwa maelezo ya mdogo wangu alikuwa haendeshi mpaka kila mtu afunge mkanda. Asubuhi moja taa ya nyuma haikuwaka. Polisi akawasimamisha, akaomba permi, haikuwepo. Abiria wakaambiwa watafute njia yao, gari likavutwa, dereva akapelekwa jela ya kaunti. Familia yake ikakusanya pesa za dhamana. Pesa zilipokuwa tayari, watu wa uhamiaji walikuwa wamekwisha kumchukua.

Shemeji alijibu upesi. Sheria ni sheria. Kama hauna permi usiendeshe, kama hauna karatasi usikae, na kama umefanya yote mawili usilie ukishikwa. Wengi kwenye kundi wakaweka dole gumba juu. Mimi niliuliza swali moja tu: huyo kijana angeipataje permi?

Hapo ndipo mambo yanapokuwa mazito, na nimeona watu wengi huku kwetu hawajui jinsi kule mambo yalivyofungamana. Permi ya Marekani haitolewi na serikali kuu, inatolewa na kila jimbo. Georgia inadai uthibitisho kwamba uko nchini kihalali. Asiye na karatasi hizo hakatazwi kuendesha kwa sababu ameanguka mtihani. Hakubaliwi kuufanya. Anaweza kuwa ameendesha lori miaka ishirini huko kwao bila kugusa hata mbuzi, haitahesabika.

Kisha inakuja adhabu. Mwaka 2008 Georgia iliikaza sheria yake. Ukipatikana na hatia ya kuendesha bila permi, hata kosa la kwanza linabeba kifungo kisichopungua siku mbili jela, na mara ya nne ndani ya miaka mitano linageuka kosa kubwa la jinai, la mwaka mmoja hadi mitano. Florida nayo iliongeza mwaka 2024: kuanzia kosa la tatu, si chini ya siku kumi jela. Ukisikia siku mbili au siku kumi unaweza kusema si kitu, na shemeji ndivyo alivyosema. Lakini uzito wake hauko kwenye siku. Uzito uko mlangoni mwa jela, unapowekewa vidole kwenye mashine. Tangu mpango ulioanza mwaka 2008, alama za vidole zinazochukuliwa jela zinafika kwa polisi wa upelelezi wa taifa na pia kwa idara ya uhamiaji. Kuna pia sheria ya mwaka 1996 inayoruhusu askari wa mahali kukubaliana na uhamiaji wafanye baadhi ya kazi zake. Georgia mwaka 2024 ilipitisha sheria inayowalazimu masherifu, wakuu wa polisi wa kaunti zake, kushirikiana na uhamiaji, na mwaka 2025 polisi wa barabara kuu wa jimbo nao wakaingizwa kwenye makubaliano hayo.

Kwa hiyo taa ya nyuma isiyowaka inaweza kumfikisha mtu Guatemala, na hakuna hakimu wa barabarani aliyehukumu kwamba arudishwe Guatemala. Kuendesha bila permi, peke yake, hakumo katika makosa ambayo sheria ya uhamiaji ya Marekani inayataja kuwa sababu ya kumfukuza mtu. Kosa la barabarani linakuwa ndoano tu.

Hili ndilo ninalolipinga, na nalipinga kama moniteri.

Mwanafunzi wangu akizima gari mlimani kwa sababu ameachia ambreyaji (klachi) haraka, namwambia arudie. Akirudia vibaya, anarudia tena. Adhabu ya barabarani nayo iko hivyo: inafanya kazi pale mtu anapokuwa na kitu cha kufanya kesho ili isimpate tena. Umelipishwa faini ya mwendo, kesho unapunguza mwendo. Umelipishwa kwa kukosa permi, kesho unaenda kufanya mtihani. Sasa yule ambaye mlango wa mtihani umefungwa kwake, umemfundisha nini? Umemfundisha kupita njia za nyuma, kutoka usiku zaidi, kununua gari bovu lisilomuuma likivutwa, na kutosimama.

Hilo la kutosimama linanirudisha Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi.

Shemeji si mtu mbaya, na hoja yake ya nguvu haikuwa ya Georgia. Alinikumbusha mama mmoja jirani, muuza matembele, aliyegongwa na pikipiki jioni akivuka na beseni kichwani. Mguu ulivunjika mahali pawili. Kijana wa pikipiki, manseba, ndivyo tunavyowaita hapa wanaobeba watu kwa pikipiki kwa kuwa wengi wao walitoka mikoa ya Kasai, aliinuka, akatazama, akakimbia kwa miguu na kuiacha hata pikipiki yenyewe. Hakuwa na permi. "Mwambie huyo mama habari za huruma yako," shemeji aliandika.

Nilikwenda. Tunajuana, mtoto wake alipita mikononi mwangu kabla ya kwenda kuendesha magari ya kampuni huko Kolwezi. Sikumpelekea siasa za Amerika, nilimuuliza tu yule kijana angefanywa nini kama angepatikana. Alifikiri kwanza. Alisema alitaka alipe hospitali, na alitaka anyang'anywe pikipiki mpaka ajue kuendesha. Kisha akasema kilichomuuma zaidi ya mguu ni kulala pale chini, watu wamezunguka, na mwenye pikipiki ambaye angemweka juu ya gari la mtu na kumkimbiza hospitali amepotea.

Alikimbia kwa nini? Kwanza aliogopa kupigwa na watu, hilo tunalijua wote, hapa umati hauchelewi. Aliogopa pia kwamba bila permi hakuna atakayemsikiliza, hata kama mama alivuka ghafla. Mtu aliyekwisha kuhesabiwa mwenye hatia kabla ya ajali hana sababu ya kubaki baada ya ajali.

Kule California jambo hili lilipimwa. Tangu Januari 2015 jimbo hilo linawapa permi hata wasio na karatasi za ukaazi, bora wapite mitihani ileile na kuonyesha wao ni nani na wanakaa wapi. Mwaka wa kwanza peke yake walichukua zaidi ya watu 600,000. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha matokeo yao mwaka 2017: jumla ya ajali haikupanda, ambalo ndilo watu walikuwa wakiliogopa, na ajali ambazo dereva hugonga na kukimbia zilipungua kwa asilimia kati ya 7 na 10. Watu walibaki. Walitoa jina, walitoa bima. Ningependa shemeji aisome mara mbili takwimu hiyo akimfikiria mama wa matembele.

Najua na takwimu ya upande wake, na ni ya kweli. Taasisi ya usalama barabarani ya AAA, chama cha wenye magari cha Marekani hukohuko, ilionyesha mwaka 2011 kwamba karibu ajali moja kati ya tano zinazoua ilihusisha dereva asiye na permi halali. Siipuuzi. Ukinisomea namba hiyo nitakwambia: basi tuwatoe watu kwenye hali ya kutokuwa na permi. Kuna njia mbili. Moja ni kuwapitisha kwenye mtihani, na anayeanguka abaki abiria. Nyingine ni kuwafunga na kuwafukuza mmoja mmoja kadiri taa zao zinavyozimika. Ya kwanza inamgusa kila dereva kabla hajagonga mtu. Ya pili inamgusa aliyekuwa na bahati mbaya asubuhi hiyo.

Watu watauliza, na kwenye kundi waliuliza: ukimpa permi, si umempa na uraia? Hapana. Sheria ya Marekani ya mwaka 2005 ilitenganisha kadi hizo. Ile inayotumika kupanda ndege na kuingia majengo ya serikali kuu inataka karatasi za ukaazi. Ile nyingine inaandikwa juu yake kwamba serikali kuu haiitambui kwa shughuli zake, na haimpi mwenye nayo haki ya kukaa wala ya kupiga kura. Inasema kitu kimoja, kwamba aliyeishika alijua alama za barabarani na aliweza kugeuza gari mbele ya mkaguzi. Majimbo 19 pamoja na jiji la Washington yamechagua njia hiyo. Massachusetts walipigiana kura juu yake mwaka 2022, wananchi wenyewe, na wakaikubali. Florida ikaenda upande mwingine kabisa: mwaka 2023 ilitunga sheria ya kuzikataa baadhi ya kadi hizo hata kama jimbo jingine lilizitoa. Yaani mtu amefanya mtihani, amepita, amevuka mpaka wa jimbo, na ujuzi wake umefutika.

Sasa niseme la hapa, maana shemeji na mimi hatukugombana hivi kwa ajili ya Mguatemala tusiyemjua.

Ajali ya Katuba ilipotokea, maneno yaliyofuata mtaani hayakuwa "wafundisheni" wala "washikeni". Yalikuwa "babarudishe kwabo", yaani wawarudishe kwao. Kijana mmoja amegonga na kukimbia, na tayari watu wanazungumza juu ya treni ya kwenda Kasai. Permi imekuwa neno la adabu la kusema jambo ambalo si la barabara. Vijana wa hapahapa waliozaliwa Kenya (mtaa wa Lubumbashi, si nchi) na Ruashi wanabeba watu bila permi kila siku, na sijasikia mtu akisema warudishwe popote.

Mimi nilikuwa mtoto Likasi, mji wa migodi wa huku Katanga, mwaka 1992. Baba alikuwa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali. Jirani zetu wa ukuta mmoja walikuwa Wakasai, na babu yao aliletwa na Union Minière katika miaka ya 1920, kampuni ilipokwenda kutafuta mikono ya kuchimba shaba. Walikuwa wa Likasi kuliko sisi tuliofika juzi. Mwaka ule na mwaka uliofuata walifukuzwa kwa malaki kutoka Katanga yote. Waliitwa bilulu, wadudu. Familia zilihamia stesheni na magodoro na masufuria, zikangoja treni kwa wiki na miezi, na watoto walikufa pale kabla ya treni kufika. Mama yangu alikuwa akipeleka unga jioni, kwa siri. Sababu iliyotolewa wakati ule ilikuwa kazi: wamechukua kazi zetu. Sababu huwa ipo. Kwa hiyo nikisikia leo kosa la barabarani limefungwa pamoja na swali la kwenu ni wapi, mwili wangu unajua jambo hilo linakoelekea, iwe ni Georgia au ni Katuba.

Na jambo jingine, la kazi. Adhabu ikiwa kubwa kuliko kosa, na njia ya kujirekebisha ikiwa haipo au ni ndefu mno, inageuka bei. Motari, mwendesha pikipiki, anajua kona gani atasimamishwa na kiasi gani kitamtoa. Akipiga hesabu anaona ni rahisi kuliko mtihani. Permi zenyewe nazo, sote tunajua, zipo za kununua, za watu ambao hawajakaa hata saa moja na moniteri. Sheria yetu ya barabara ni ya tarehe 30 Agosti 1978, na si kwamba haina adhabu. Kinachokosekana ni mtihani wa kweli ambao mtoto wa mtu asiye na kitu anaweza kuufikia.

Maana ujuzi huo si wa makaratasi. Kongo tunapita mkono wa kulia, lakini magari mengi ya Lubumbashi yana usukani kuliakulia, yametoka Japani kwa meli hadi Dar es Salaam, yakapita Tunduma na Zambia yote mpaka Kasumbalesa. Dereva wa gari la hivyo akiwa nyuma ya lori la shaba kwenye barabara ya Likasi haoni kinachokuja mbele. Abiria wa kushoto ndiye anachungulia na kumwambia "pita". Kuna watu wamekufa kwa "pita" ya abiria aliyekuwa anasinzia. Ninachowafundisha ni kukaa mbali zaidi nyuma ya lori, mbali hadi anayekufuata akupigie honi kwa hasira, ili pembe ya kuona ifunguke na uamue kwa macho yako mwenyewe. Hilo hulifundishi kwa jela. Na hulifundishi kwa kuuliza mtu alizaliwa Mbuji-Mayi kule Kasai au Kamalondo hapa Lubumbashi.

Shemeji aliniuliza mimi ningeweka adhabu gani, kama nina akili kiasi hicho. Anayeshikwa bila permi mara ya kwanza, chombo kibaki kwa askari mpaka aje na mtu mwenye permi wa kukiendesha, apewe faini inayolipika, na apewe tarehe ya mtihani. Akifanya mtihani na kupita, faini ipunguzwe. Akirudia bila kufanya lolote, faini ipande na chombo kikae ndani muda mrefu zaidi. Jela ibaki kwa aliyeumiza mtu, aliyekunywa, aliyekimbia baada ya kugonga, na aliyenyang'anywa permi na hakimu akaendelea kuendesha. Huyo wa mwisho alikwisha kupewa nafasi. Na karatasi ya kosa la barabarani isiwe na mahali pa kuandika kabila wala uraia. Kama uhamiaji una shauri na mtu, uwe na ofisi yake, hakimu wake na barua zake, umwite kwa jina lake.

Alijibu kwamba mwenye karatasi kamili hana cha kuogopa. Hapo nilimtaja mdogo wetu. Yeye ana karatasi zote, aliingia kama mkimbizi aliyekubaliwa, na permi angeweza kuipata tangu mwezi wa kwanza. Baada ya yale ya asubuhi ile alikuwa hathubutu hata kwenda kuuliza. Mke wake bado yuko Meheba, na tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, faili lao limekaa. Anaogopa kwamba chochote chenye harufu ya polisi kitamharibia. Woga wa namna hiyo hauchagui nani ana karatasi na nani hana. Unawafanya wote wakae mbali na ofisi ambazo zingewafanya wawe madereva wazuri zaidi.

Nimemsukuma mpaka amekwenda. Ameshachukua permi ya kujifunzia, na sasa anaendesha akiwa na mzee mmoja wa kanisa lao pembeni yake, maana kule lazima awepo mwenye permi aliyetimiza miaka 21. Jioni ananipigia video gari likiwa limesimama, tunarudia kupaki kati ya magari mawili. Usukani wa kule uko kushoto, na yeye alijifunzia kwenye gari la kulia la baba yake, kwa hiyo bado analisogeza gari karibu mno na ukingo wa kulia. Tunalifanyia kazi.

Kama una mtu Georgia, mwambie mambo mawili. Aliyehamia huko ana siku 30 za kuchukua permi ya jimbo, na permi ya Kongo haimfichi baada ya hapo. Na kama ana permi halali lakini ameisahau nyumbani siku aliyosimamishwa, asinyamaze akakubali kosa la kutokuwa nayo. Aipeleke mahakamani, sheria yao inakubali ionyeshwe.

Shemeji bado hajakubaliana nami juu ya Guatemala. Juu ya Katuba tumefika mahali: anajuana na kiongozi wa kituo cha pikipiki karibu na soko, na amesema atamleta tuzungumze habari ya mafunzo ya Jumamosi, kwa bei ambayo manseba anaweza kuilipa kidogokidogo. Alama za barabarani nitazifundisha kwa Kiswahili, na kwa Tshiluba, lugha ya Kasai, kama tutapata wa kutusaidia. Ukimjua mtu anayeiweza na ana Jumamosi zake, niandikie.